Kwa mdogo wangu, bibi afya wa Kongwa

Mbukwa, mdogo wangu.

Ujumbe wako niliuona saa tano usiku. Nikaanza kujibu, nikafuta, nikaanza tena. Umeniuliza kama uache kazi uende ng'ambo kusoma epidemiolojia, somo la jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii na kwa nini, au uisome kwa masafa ukiwa hapo hapo kwenye kata yako. Ukaongeza kwamba mama mdogo amesema uzamili wa kwenye simu si uzamili. Nimeamua kukujibu hadharani, kwa sababu najua wapo mabwana afya, mabibi afya na wauguzi Mpwapwa, Chemba, Bahi na Manyoni wenye swali hilo hilo na hawana dada wa kumuuliza.

Soma kwa masafa, kama nilivyosoma mimi, na usitoke Kongwa. Ada na nauli vimo katika sababu zangu, lakini siyo vya kwanza.

Shule ya msingi tulifundishwa sehemu: namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Tulikariri, tukapata vema, tukasahau. Neno hilo limenirudia ukubwani, mbele ya kompyuta mpakato, upepo wa Juni ukigonga mabati ya hapa Nkuhungu. Kituo cha afya kinaona kiasi tu: aliyeugua, akapata nauli, akafika, akaandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa kumbukumbu za huduma za afya. Asili ni wote ambao wangeweza kuugua: ni kina nani, wangapi, wanakaa wapi, tumewatazama kwa muda gani. Zahanati yenye wagonjwa wengi huenda ndiyo yenye dawa na tabibu mpole, na kijiji chake kikawa na afya kuliko cha jirani. Bila asili huwezi kujua.

Unakumbuka kazi yangu ya kwanza? Niliandika kwamba kuhara hupungua kwenye zahanati moja ya huko kwenu kila masika yanapokolea. Grafu ilikuwa safi, na mkufunzi wangu aliye mbali hakuona kasoro. Nilikutumia wewe, ukanijibu mstari mmoja: "Dada, miezi hiyo korongo linajaa, watu hawavuki." Nilikaa kimya muda mrefu. Kuhara hakukuwa kumepungua. Wagonjwa walikuwa ng'ambo ya maji, mama zao wakiwapa uji na dawa za mitishamba, na mimi nikawahesabu kuwa wazima. Niliifuta sura nzima, nikaiandika upya. Ule mstari wako ulikuwa epidemiolojia tupu, na ulikuja kwa mtu asiye na hata cheti cha somo hilo.

Ndiyo maana nakwambia usitoke. Anayekwenda mbali hurudi na kanuni nzuri, lakini kwa mwaka mzima anafanyia mazoezi tarakimu za watu asiojua wanavuka wapi. Wewe kila ukifunga kitabu jioni, asubuhi unakutana na asili yako barabarani, inachunga mbuzi, inachota maji.

Kuna usiku nilikuwa kwenye sura ngumu, inayoeleza kwa nini katika utafiti wakati mwingine kura ya kuamua nani apewe huduma inayojaribiwa hupigiwa vijiji badala ya mtu mmoja mmoja. Nikafuatilia mfano mmoja mpaka kwenye makala ya mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Kongwa! Nikasoma jina hilo mara mbili. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichukua vijiji sita vya huko kwenu. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Kisha kura ikaamua vijiji vitatu viongezewe kampeni kali ya kuwanawisha watoto uso, vitatu vibaki na dawa peke yake. Baadaye watoto wa vijiji vya kampeni walionekana kuwa na vikope vikali, yaani trakoma, kwa nadra kuliko wenzao.

Nilimkumbuka bibi. Unakumbuka alivyokuwa akituita uani, anakaa juani, anatupa kibanio tumng'oe kope zilizogeukia ndani? Tulidhani ni uzee. Kumbe ni maambukizi ya utotoni, yakirudi na kurudi mpaka kope inakuna jicho lenyewe. Hakuna aliyempa bibi hesabu hiyo alipokuwa mtoto, lakini sisi tunayo, na imefanyika kwenye vumbi lile lile. Kwa nini kura ipigiwe kijiji? Nzi haulizi huyu ni mtoto wa nani. Mama akijifunza kwamba maji kidogo yanatosha kunawisha nyuso kadhaa, jirani yake atajua kabla ya jua kuzama. Huwezi kumwambia mmoja ukamficha mwingine. Wanafunzi wenzangu wa nchi nyingine walihangaika na sura hiyo. Mimi niliielewa kwa sababu ya uani kwa bibi.

Hata mkanganyiko, yaani sababu moja kujificha nyuma ya nyingine, ambao utakutisha mwanzoni, utauelewa kwa njia hiyo. Tuseme umeona watoto wa nyumba za bati hawana vikope vingi kama wa nyumba za tembe. Je, bati linakinga macho? Utacheka, maana unajua mwenye bati ndiye pia mwenye punda wa kubebea maji na dumu za kuyahifadhi. Kazi yote ni kumtafuta huyo punda aliyejificha nyuma ya bati.

Halafu kuna mwaka 2016. Hilo silisomi kama mfano. Ulikuwa chuoni bado, lakini nadhani ulisikia: watu wa Dodoma na Manyara wakigeuka njano macho, matumbo yakijaa, wakitapika, mara nyingine ndugu wa nyumba moja. Waliohesabiwa kuugua ni 68, na 20 kati yao walikufa. Jibu lilipatikana kwa kulinganisha nyumba zilizougua na zisizougua: mmekula nini, mmekitoa wapi, mmekihifadhi vipi? Lilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi ya shambani kwao wenyewe. Ugali ule ule, uliopikwa ukaiva, kwa sababu moto wa jikoni hauiondoi sumu ile. Nikifikiria kwamba kati ya kifo na chanzo chake kulikuwa na swali la kumuuliza mtu asiyeugua, nashindwa kulala. Sisi tumezoea kumuuliza mgonjwa. Natamani kila kata ya mkoa huu iwe na mtu mmoja anayejua kumuuliza jirani yake mzima.

Mama mdogo mwambie hivi, kwa heshima zote. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza, karibu 60,000, wakiwauliza kuhusu uvutaji wao wa sigara. Waliojibu walikuwa kama 40,000, nao wakafuatiliwa kwa miongo, kifo kwa kifo. Kazi hiyo kubwa ilipita posta. Na chuo cha London chenye jina katika fani hii, London School of Hygiene and Tropical Medicine, kinafundisha kwa masafa tangu 1998. Mtihani ni mtihani, mama. Mimi nilipanda basi mpaka Dar es Salaam kuufanya, nikakaa na wasimamizi kama mtu yeyote.

Mengine ni ya kawaida. Kabla hujalipa hata shilingi, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo unachotaka itatambuliwa. Omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Pakua masomo yote siku yenye bando na umeme. Programu ya R ya kuchambulia takwimu ni ya bure, anza nayo sasa. Na tafadhali, usipige picha rejesta ya wagonjwa hata kama nia ni njema. Majina yale ni ya watu, na utafiti una njia yake ya kibali.

Upweke ndio utakaokusumbua. Sitakuficha. Kuna miezi nilisoma bila kuzungumza na mtu yeyote anayejua ninachosoma. Kwa hiyo Jumapili saa mbili usiku nipigie, kila Jumapili, hata kama huna swali.

Kitabu changu cha kwanza nimekifunga kwenye mfuko wa zabibu, nitampa dereva wa basi la Kongwa Jumamosi. Sura ya nne ina alama zangu za penseli, usizifute. Msalimie mama mdogo. Na uanze kuniandikia kwenye daftari: mwaka huu korongo limejaa tarehe ngapi, na limekauka lini?

Dada yako,
Nkuhungu, Dodoma