Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kwetu leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maji ya jiji hili yanatoka Mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani. Huko juu, milima ya Amani, wachimbaji wadogo wa dhahabu waliwahi kuingia msituni, na mchimbaji mdogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Hatusemi maji yetu yana zebaki. Tunasema jicho haliwezi kujua, kwani kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 6 tu kwa lita.

Ndiyo maana tukachagua mada ya nanopo, njia mojawapo ya kuitambua zebaki. Hili ni tundu la nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kwenye utando unaotenga maji ya chumvi pande mbili. Ukiweka umeme, ayoni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, hupita na mkondo wa umeme husomeka kwenye mita. Kitu kikiziba tundu, mkondo hushuka. Linalotumika sana ni protini ya bakteria, alfa-hemolisini, ambayo penye wembamba zaidi ina nanomita 1.4 hivi.

Kazi ipo kwenye metali kama zebaki. Ayoni moja ya metali ni ndogo mno, hupita bila kuacha alama. Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani walipachika histidini, asidi amino inayonasa metali, kwenye protini hiyo. Zinki ikinaswa humo, mkondo hubadilika. Kwa zebaki hutumika uzi wa DNA, na hapa ndipo tulipovutiwa mno: zebaki hujibana kati ya timini mbili (timini ni moja ya herufi nne za DNA), uzi ukajikunja, na uzi uliojikunja huchelewa kupita tunduni. Kuchelewa huko ndiko kunakoitambulisha zebaki.

Mezani utaona chupa mbili zilizokatwa, katikati nailoni iliyotobolewa kwa sindano, betri na mita. Punje ya mchanga ikikaa tunduni, namba inashuka. Tundu letu ni kubwa mno kuitwa nanopo, ila kanuni ni ileile.

Mheshimiwa, mita yetu haisomi mikondo midogo, hivyo hatuwezi kupunguza tundu zaidi. Tunaomba utusaidie kupata mita ya maikroampia, yaani inayosoma sehemu za milioni za ampia, na utuombee nafasi ya kuona maji ya Zigi yakipimwa maabara. Nauli wazazi wameshaiahidi.

Tunaomba kuwasilisha.