Maelezo ya Golgi bila jaribio la hamira hayatoshi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu sehemu za seli imeeleza vizuri safari ya protini: hutengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli), hupitia Golgi (sehemu inayozichakata na kuzipanga), kisha hutolewa nje kwa vifuko vya utando. Safari hiyo ilifuatiliwa na George Palade, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na wenzake wawili. Kilichoachwa ni jinsi jeni zinazoiendesha zilivyopatikana, na hapo ndipo mwanafunzi angejifunza namna ya kufikiri.

Seli isiyoweza kutoa protini haikui. Kwa hiyo Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick, huko Berkeley, Marekani, walitafuta hamira (kuvu za seli moja) zenye kasoro za jeni, zinazoishi vizuri kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi lakini zinazokwama kwenye 37. Kipimo kimojawapo kilikuwa invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Wengi hukosea hapa. Invatesi nyingi haimwagiki kwenye maji ya kuoteshea. Hubaki kati ya utando na ukuta wa seli. Sukari hupenya ukuta, hivyo seli isiyopasuliwa huonyesha invatesi iliyokwisha kutoka. Iliyokwama ndani hupimwa baada ya kuzipasua seli. Tena, glukosi ikiwa nyingi jeni ya invatesi huzimika, kwa hiyo lazima kwanza hamira zihamishiwe kwenye chakula chenye glukosi kidogo sana, la sivyo sifuri utakayopata haina maana yoyote.

Kuna mtego mkubwa zaidi: seli iliyoacha kabisa kutengeneza protini nayo haitoi kitu. Ndiyo maana ushahidi wa sec1, hamira ya kwanza yenye kasoro waliyoieleza, uliochapishwa mwaka 1979, una nguvu. Vimeng'enya viliendelea kutengenezwa vikarundikana ndani, na darubini ya elektroni ikaonyesha vifuko vimejaa tele. Joto lilipopunguzwa, sehemu ya kimeng'enya kilichokwama ilitoka, ingawa utengenezaji wa protini mpya ulikuwa umezuiwa kwa dawa.

Kupima hamira moja moja kungechukua muda mrefu mno. Lakini seli iliyozibwa huendelea kutengeneza protini huku eneo lake la nje haliongezeki, basi huwa nzito kuliko wenzake wa ukubwa uleule. Zikizungushwa kwa kasi katika myeyuko wa chembechembe za silika, zilizozibwa huzama chini zaidi. Kwa njia hiyo, kufikia mwaka 1980, makundi 23 ya kasoro, kila kundi likiwakilisha jeni moja, yalikuwa yametambuliwa.

Mpangilio wa hatua ulipatikana kwa kuunganisha kasoro mbili ndani ya hamira moja. Sec18, kasoro ya jeni nyingine, huziba kabla ya Golgi, sec1 huziba mwishoni. Hamira yenye zote mbili hujaza retikulamu, wala hairundiki vifuko vya mwisho, kwa sababu hakuna kinachofika huko.

Haya hayaishii kwenye hamira. Binadamu ana jeni za jamii hiyohiyo. SEC23B, ndugu wa sec23 ya hamira, ikiharibika husababisha aina mojawapo ya upungufu wa damu wa kurithi. Na sehemu ya insulini wanayodungwa wagonjwa wa kisukari hutengenezwa na hamira, ambazo huitoa nje kwa njia hiihii.

Tunaomba toleo lijalo lichapishe mchoro wa hamira tatu, ya kawaida, ya sec18 na ya sec1, zote zikiwa kwenye nyuzi 37.