Vijana wangu wa Malindi, ulizeni mvua kwanza

Wanangu na wajukuu zangu,

Juzi niliwasikia barazani mkibishana juu ya mpango wa kunyunyiza salfa angani ili jua lipungue makali. Mmoja akasema, "Itafaulu, Pinatubo imeshaonyesha." Nimefundisha jiografia miaka mingi, sikulala nikiliwaza neno hilo.

Pinatubo, ule mlima wa volkano wa Ufilipino, ulipolipuka Juni 1991, ulirusha mamilioni ya tani za salfa dioksidi hadi stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu; huko ikageuka chembe ndogo zinazorudisha sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka uliofuata dunia ikapoa kwa karibu nusu digrii. Hilo silipingi. Lakini miezi hiyohiyo mvua za nchi kavu zilipungua ulimwenguni, na mito ikapungukiwa maji. Jua likififia, hata mvuke unaopanda hupungua. Basi tunataka nini: kipimajoto kishuke, au mahindi yabebe?

Na bahari je? Mwaka 1998, bamvua, maji yalipokupwa, nilitembea mwambani na marehemu kaka yangu. Matumbawe yalikuwa meupe kama chokaa. Joto ndilo lililoyaua, na salfa ingeweza kulipunguza joto hilo. Ila hewa ukaa, ile inayoipasha dunia joto, ingebaki palepale, ikizidi kuyeyuka baharini na kuyatia maji asidi, hadi tumbawe lishindwe kujijenga. Kivuli cha salfa hakiligusi jambo hilo.

Kinachonitia hofu zaidi ni muda. Chembe zile hukaa juu mwaka mmoja au miwili; hewa ukaa hukaa karne na karne. Atakayeanza itambidi anyunyize kila mwaka, na wajukuu zake pia. Vita vikimkatiza, joto lililozuiwa litarudi ndani ya miaka michache tu, na mkulima hatapata nafasi hata ya kubadili mbegu.

Mwanzoni mwa 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Nairobi, Uswisi ilipendekeza jopo la wataalamu la kuichunguza teknolojia hii ya kupunguza jua, nchi za Afrika zikashikilia isitumike, na pendekezo likaondolewa bila mwafaka. Kwa hiyo mjadala utarudi, nanyi mtakuwepo. Msiukatae utafiti. Ila mtu akiwaonyesha wastani wa joto la dunia, mwambieni awaonyeshe pia masika na vuli, mahali kwa mahali.

Jumamosi njooni kwangu. Madaftari yangu ya mvua yako kabatini, tangu 1979, na mikono yangu sasa inatetemeka kuandika. Nataka mmoja wenu ayapokee.

Babu yenu.