Mtu wa Milimita Nane
Barua ya wazi kwa vijana mafundi wa modeli, Mombasa

Wanangu,

Asalaam aleikum, na kwa wale ambao salamu hii si yao, hamjambo.

Sikukusudia kuandika. Macho yangu hayataki tena kazi ya karibu, na mkono nao umeanza kutetema, jambo la kutia haya kwa mtu aliyekula kwa mkono huo maisha yake yote. Lakini mwezi uliopita nilialikwa kwenye hoteli moja kule Nyali. Kampuni ilikuwa inazindua nyumba za ghorofa za kuuza, nyumba ambazo kwa sasa ni shimo na mabati ya kuzungushia. Ukumbini modeli imewekwa mezani, vitaa vinawaka ndani yake, na watu wameizunguka kama wanavyomzunguka bibi harusi. Modeli safi, sikatai. Kuta zimekatwa kwa mashine ya leza, madirisha yamekaa sawasawa, minazi imepandwa mmoja mmoja na kila mnazi umepinda kivyake. Nikasema mashallah. Kisha nikainama, na kitu kikaniuma. Sikujua ni nini. Jicho lililozoea skeli, yaani kipimo cha modeli dhidi ya kitu chenyewe, huumwa kwanza, sababu huja baadaye.

Kwenye kibao wameandika 1:100. Nikatoa rula yangu mfukoni, maana mimi hata harusini naenda nayo, nikampima mtu aliyesimama mlangoni. Milimita 8.

Hesabu hii ni ya mtoto wa shule. Katika moja kwa mia, milimita 8 ni sentimita 80. Mtu mzima, amevaa suti, ana mkoba, kimo chake ni cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtu wa mita 1.7 alitakiwa awe milimita 17. Nikapima gari: milimita 22, yaani gari la mita 2.2. Tuktuk ya hapa kwetu ni ndefu kuliko hiyo! Watu na magari walikuwa wa skeli ya 1:200, wamemwagwa ndani ya jengo la 1:100. Na hawakumwagwa kwa bahati mbaya. Pale penye nafasi ya magari 6 yalipangwa 24 na bado yakapumua. Uwanja baina ya majengo mawili, ambao nimeupima sentimita 12, yaani mita 12 za kweli, ukionekana kama wa mita 24.

Kando yangu alikuwa bi mkubwa mmoja na buibui lake. Mwanawe yuko Ghuba, anamtumia pesa, wanataka kutoa arbuni. Akamwuliza yule binti wa mauzo, "Na hapa kati watoto watacheza?" Binti akajibu, "Watacheza hata mpira, mama." Bi mkubwa akatabasamu, akamnyooshea kidole mtu wa milimita 8 kana kwamba ni mjukuu wake. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mgeni mwalikwa, nimekula sambusa zao. Kunyamaza kule kutaandikwa upande wangu, najua.

Nikauliza fundi ni nani. Nikaambiwa jina, nikakaa chini. Kijana wangu. Niliyemfundisha kushika msasa.

Nilimpigia jioni ile. Hakukana, na kwa hilo nampongeza. Alisema, "Ami, mteja ndiye aliyetaka. Walisema watu wakiwa wakubwa uwanja unaonekana mdogo." Sasa wanangu, uwanja hauonekani mdogo. Uwanja NI mdogo! Hiyo ndiyo habari ambayo modeli imelipwa kuileta.

Ramani si kila mtu anaisoma. Mkandarasi anaisoma, mhandisi anaisoma. Bi mkubwa haisomi, wala mwanawe haisomi. Wao wanasoma modeli. Wanamweka yule mtu mdogo mahali pao, wanapita naye mlangoni, wanasimama naye roshani. Yeye ndiye kipimo chao. Ukimpunguza yeye, umepanua nyumba nzima bila kugusa hata ukuta mmoja, na hakuna karani wa kaunti atakayekukamata, kwa sababu kila ukuta uko sawa na ramani. Muuza nyanya wa Marikiti akichezea mizani tunamwita mwizi mbele za watu. Fundi akichezea mizani ya nyumba ya mamilioni tunamwita mbunifu.

Na msiniambie kwamba skeli haiguswi kamwe, maana mnanijua, mimi si mtu wa dini hiyo. Skeli huguswa. Kule Sausalito, karibu na San Francisco, wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga mwaka 1957 modeli ya ghuba nzima, yenye maji yanayojaa na kupwa. Kwa upana ni 1:1000, kwa kina ni 1:100. Wamekikuza kina mara kumi! Kwa nini? Kwa sababu bahari ya mita 10 katika 1:1000 ni sentimita moja, na maji ya sentimita moja hayaendi kama bahari, yanaenda kama chai iliyomwagika mezani. Basi wakakuza, wakasema wamekuza, wakaandika, kila mtu akajua. Modeli hiyo ilitumika kupima mpango wa kuziba ghuba kwa mabwawa, na ikaonyesha kwamba mpango haufai, ukaachwa. Imepindwa mara kumi na bado imesema kweli, kwa kuwa aliyepinda hakuficha. Huyu wetu angeandika tu kwenye kibao "watu na magari ni 1:200", nisingekuwa na neno. Lakini kampuni isingekubali kibao hicho, na hapo ndipo mngejua walichokuwa wananunua.

Msidhani nazungumza kama niliyezaliwa na rula mkononi. Nilianza na majahazi ya kuuzia watalii, kama wengi wa rika langu. Siku moja nilimaliza jahazi la urefu wa mkono mmoja, nikalipeleka Bandari ya Zamani kuringa. Nilikuwa nimeulaza mlingoti nyuma, kuelekea tezi, kwa sababu niliona picha ya meli ya Kizungu na ikanipendeza. Nahodha mmoja mzee alikuwa barazani akisokota kamba. Akakichukua chombo changu, akakigeuza, akanitazama. "Hiki unakipeleka Lamu, au unakirudisha?" Baraza zima likaangua kicheko. Kisha akanionyesha, kwa subira ambayo sikuistahili: mlingoti wa jahazi huinama omo, yaani mbele, na henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikishapandisha foromali, ule mti unaoshika tanga, hushuka nyuma na kufungwa huko, na ni hiyo henza inayouvuta mlingoti usiende mbele na upepo. Kila kamba ina kazi. Mimi nilikuwa nimefunga kamba saba kwa urembo, na hapana hata moja iliyofanya kazi yoyote. Nilirudi nyumbani nikaling'oa jahazi lote. Tangu siku hiyo sijafunga uzi nisioujua jina.

Kwa hiyo nikiona majahazi ya siku hizi kwenye meza za ufukweni, matanga ya ubao yaliyochongwa kama sikio la ndovu, najua hasira yangu inatoka wapi. Si kwa mtalii, mtalii hajui. Ni kwamba mtoto wa Mlango wa Papa, mtaa wa Mji wa Kale, naye sasa anachora jahazi hivyo hivyo, kwa kuwa ndilo analoliona.

Jambo lilelile kwenye majengo. Mwaka jana nilionyeshwa modeli ya mtaa wa Mji wa Kale kwa skeli ya 1:200, kuta zote milimita moja. Milimita moja hapo ni sentimita 20, ukuta wa matofali ya leo. Nyumba ya mawe na chokaa ukuta wake hufika nusu mita na zaidi, kwa hiyo ni milimita mbili na nusu, tatu. Mtasema nani ataona? Ataona, bila kujua anaona. Madaka, yale mashimo ya kuwekea vitu ukutani, yatakaa wapi kwenye ukuta wa milimita moja? Kile kivuli kizito cha dirishani kitatoka wapi? Na vyumba mmevipanua kama ukumbi, hali ya kuwa chumba cha zamani ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mti wa mkokoni ndio uliopanga upana wa chumba. Fundi asiyejua hilo anakata kadibodi tu.

Mengine nitayataja upesi, mmeshayasikia kwangu mpaka mmechoka.

Mbao ya modeli iwe na nyuzi zilizobanana, kwa sababu nyuzi hazipungui kwa skeli. Kitambaa vilevile: nguo ya marekani kwa tanga la jahazi dogo ni turubai, tafuteni bafta nyembamba. Uzi upakeni nta kabla ya kuufunga. Pini ziwe za shaba, chuma na hewa yetu ya chumvi hawajapata kupatana. Gundi ya upesi msiitie karibu na plastiki angavu, moshi wake huacha ukungu mweupe ambao hautoki. Rangi ififisheni kidogo, rangi ya ukuta mkubwa ikipakwa kwenye ukuta mdogo hupiga kelele. Msitoe modeli chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi juani, itajikunja kama papadi. Sanduku la kubebea litengenezwe kabla ya modeli kwisha, si usiku wa kuamkia safari, na kabla hamjalipakia pimeni mlango wa ofisi ya mteja. Nimeona modeli ikikatwa vipande viwili koridoni.

Ahadi. Ukisema Alhamisi iwe Alhamisi.

Na pesa. Hapa nitageuka niwaseme na wengine, maana si haki fundi abebe lawama yote. Chukueni arbuni, nusu kabla ya kukata hata kipande. Zipo ofisi mjini humu zilizonilipa baada ya miezi minane, modeli yangu wamekwisha kuipigia picha, wamekwisha kuuza kwayo, wamekwisha kuivunja. Na kila mara neno ni lile: "Mzee, si ni kidude tu?" Christopher Wren, msanifu majengo, alipotaka kumwonyesha mfalme wa Uingereza kanisa jipya la Mtakatifu Paulo, mafundi walimjengea modeli ya mbao ya mwaloni mwaka 1673 na 1674, kubwa kiasi cha mtu kuingia ndani akasimama, kwa skeli ya 1:25 hivi. Gharama yake ilitosha kununua nyumba nzuri London wakati huo. Muundo ule ulikataliwa, kanisa likajengwa kwa namna nyingine, na modeli imehifadhiwa mpaka leo humo humo kanisani. Hakuna aliyeiita kidude.

Sisi kidude tunaanza kukidharau kikiwa mikononi mwa mtoto. Mtoto anatengeneza gari la waya, magurudumu ya vifuniko vya chupa, usukani unaogeuza kweli, na mamake anapiga kelele aache uchafu akasome. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kazi za mikono zilikuwa darasani. Baadaye zikaondolewa kwenye mtihani, na kisichotahiniwa hakifundishwi, walimu mnajua. Leo tunashangaa kijana wa miaka ishirini hajui kukata mstari ulionyooka bila mashine. Mashine ya leza siichukii, nimeitumia, inakata kuliko mimi nilivyokata nikiwa na miaka thelathini. Lakini inakata unachoiambia. Ukiiambia milimita 8, itakata mtu wa milimita 8 vizuri kabisa, na makali yake hayatakuwa na kasoro.

Basi mkiletewa ombi kama lile, fanyeni hivi. Msigombane. Mwekeni mtu wa milimita 17 na mtu wa milimita 8 mezani, bega kwa bega, mwulizeni mteja yeye mwenyewe ni yupi. Wengi wataona haya, wataacha. Asiyeona haya mpeni namba ya fundi mwingine. Njaa mtaipata, sitawadanganya, niliipata mwaka mzima baada ya kukataa kazi moja, na mke wangu, Mungu amrehemu, alisuka mikeka mpaka vidole vikachanika. Hakuniuliza kwa nini nilikataa. Siku ya tatu tu alisema, "Hiyo rula yako ungeiuza." Tukacheka.

Na kwako wewe, mwenye modeli ya Nyali. Jina lako silitaji na sitalitaja. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu ulivyokuwa, ile minazi niliitazama kwa wivu. Watu na magari wale wamebandikwa kwa tone la gundi, wanang'oka kwa kibano, ni kazi ya usiku mmoja. Uzinduzi umepita lakini modeli bado iko pale kwenye ofisi ya mauzo, na watu bado wanaenda na arbuni zao. Nimekwisha kukata watu arobaini wa milimita 17, wengine wamebeba vikapu, mmoja ana buibui. Wako kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Na rula yako ya pembe tatu, ile uliyoisahau siku ulipoondoka kwangu, bado iko kwenye msumari wake. Nipo kila siku baada ya alasiri.

Ami yenu,
Fundi wa Kibokoni