Daftari ulilolisahau juu ya friji

Mwanangu,

Jumapili umeondoka na ndoo, sanduku, na kopo la siagi ya karanga ulilodhani sikuliona, lakini daftari la insha umeliacha juu ya friji. Nilipolichukua nilitaka tu kuona kama zimebaki kurasa za kumpa mdogo wako achoree. Nikakutana na "Likizo Nisiyoisahau". Nimeisoma nimesimama, mlango wa friji wazi, mpaka baba yako akauliza kama nataka kupoza nyumba nzima.

Mwalimu amekupa 14 kwa 20. Pale ulipoandika kwamba bahari iliisha amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Bahari haiishi." Huyo hajaamkia Paje, kule kwetu Unguja, siku ya bamvua.

Simu ya bweni ni dakika tano na nyuma yako kuna foleni, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni 2018. Wewe una miaka sita, mdogo wako mitatu. Umeandika kwamba tulikwenda "kwa sababu mama alikuwa amechoka". Ni kweli, ila haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Mwezi wa tatu mwaka ule niliinuka kwenye kiti kazini nikauona ukuta unanijia. Zahanati wakanipima presha, 160 kwa 100. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi kwa usiku. Nikaanza kumhesabia, nikajikuta nalia. Akaandika vidonge, na chini ya vidonge akaandika: apumzike.

Utauliza kwa nini nisipumzike nyumbani, Jambiani. Wewe nyumbani unakwenda kama mgeni, unapikiwa, unatafutiwa dafu. Mimi nikishuka kwenye gari ya 309, kabla sijavua viatu nimeshaambiwa nani kafiwa, harusi ya nani imekaribia, na jikoni kuna samaki wananisubiri. Nawapenda watu wangu, lakini kule sijawahi kupumzika hata siku moja. Basi Idi ile nilipiga simu nikawadanganya kwamba kazini wamenikatalia ruhusa. Wiki mbili baadaye tukavuka bahari kimyakimya tukaenda kulala hotelini Paje, mwendo wa dakika chache tu kwa gari kutoka mlangoni kwa bibi yako. Hilo hukulijua na kwenye insha halimo, lakini mambo yote yanaanzia hapo.

Hoteli yenyewe ilijinadi kuwa ni ya kutuliza mwili na roho. Baba yako alipata bei ya wakazi, akajiona waziri. Tulifika mdogo wako ametapika njia nzima kwenye boti, maana Juni kusi imeshaanza kuvuma. Mapokezi wakatupa vitaulo baridi vyenye harufu ya mchaichai. Yeye akakitafuna chake. Tukapewa na fomu: unataka kupata nini katika mapumziko haya? Baba yako akaandika "usingizi". Mimi nikapaacha wazi. Vyumbani hamkuwa na televisheni, kwa makusudi. Kando ya bwawa palikuwa na kibao kinachosema hapo ni mahali pa ukimya. Sijui nani alikubali kupangisha chumba cha familia mahali kama pale. Watoto mlikuwa wanne hoteli nzima, na ukimya uliisha kabla ya chakula cha mchana. Mdogo wako kila akimwona kaa anapiga yowe kama kaona treni.

Lakini nisiseme vibaya hoteli ya watu. Nililala. Usiku wa kwanza nililala kwa muda wa saa kumi bila kugeuka, kitu ambacho sikukifanya tangu uzaliwe wewe. Alfajiri mkanifuata kwenye yoga ufukweni. Pwani ile ya mashariki jua hutoka majini moja kwa moja, jekundu, na wewe ulisimama kwa mguu mmoja ukawa "mti" mpaka mdogo wako alipokusukuma mkamwangukia mgeni aliyekuwa amefumba macho. Asubuhi tukapewa matunda, mbegu zilizorowekwa, na uji wa shayiri wa baridi. Uji wa baridi, mwanangu! Mdogo wako alililia maandazi siku mbili, mpaka mpishi mmoja kijana wa Makunduchi akawa anatuletea chapati zimefunikwa kitambaa kama magendo.

Siku ya tatu mwezi ulikuwa mpevu, na hiyo ndiyo siku bahari ilipoisha. Mwambie mwalimu wako hivi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hukupwa sana, ndiyo bamvua yenyewe. Kwetu maji ya bamvua hukupwa saa nne, saa tano asubuhi. Mlikunywa chai bahari iko mlangoni, mlipomaliza ikawa mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba, na katikati mchanga mtupu, madimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Mdogo wako alisimama mikono kiunoni akasema, "Imeisha." Tukavaa yeboyebo, tukaenda kuitafuta. Uliona kiti cha pweza chekundu, yule mnyama wa umbo la nyota, ukataka kukibeba, nikakukataza, ukaniuliza sasa pweza akirudi atakaa wapi. Hilo hukuliandika, nasikitika, maana lingekupa hata alama moja.

Kule mbele mliona vigingi vimepangwa safu, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na wanawake wameinama maji yakiwafika magotini. Ukauliza wanatafuta nini. Nikasema "mwani," nikawageuza turudi. Nilijibu neno moja tu, mimi ambaye ningeweza kukueleza mpaka maji yajae.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa kwetu mwaka 1989. Nilikuwa na miaka saba. Mama mkubwa wangu, huyo mnayemwita Bibi Paje, alikuwa kati ya wa mwanzo, na wanaume walikuwa wakiwacheka wanawake kwamba wanalima majani ya baharini. Unachukua kipande cha mwani, unakifunga kwenye kamba kwa uzi mdogo unaoitwa taitai, kipande baada ya kipande, mgongo umepinda na jua liko kisogoni. Kiasi cha siku 45 unavuna, unaanika, unauza kwa kilo. Mwani wenyewe unakwenda nje ya nchi kutolewa utomvu unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kwa pesa ile Mama Mkubwa aliezua makuti akapiga mabati, paa la kwanza lile pale kwao lililonunuliwa na mwanamke. Sare zangu za shule, darasa la kwanza mpaka la saba, alishona yeye. Baadaye maji yakawa ya moto, ule mwani mnene wenye bei nzuri ukawa unakufa, wakabaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Na mgongo wake ukaharibika. Mwaka 2017 alikaa kwetu mwezi mzima akitibiwa, ukawa unalala naye. Tukakubaliana, mimi na wajomba zako: baharini asiende tena, tutamtumia pesa kila mwezi. Aliapa. Kwa hiyo nilijua nikilala Paje sitakutana naye ufukweni.

Mchana ule nilikuwa na miadi ya spa. Nilipewa kitabu cha kuchagua, na ukurasa wa pili nikasoma: "Singo, asili ya Zanzibar", dola 60. Nikacheka peke yangu. Singo mimi nilisingwa na somo wangu, yaani kungwi, siku zile za kuandaliwa harusi, kajipondea mwenyewe kinuni, mawaridi, asumini, langilangi, rihani, karafuu, na liwa, akinisugua mpaka ngozi inawaka huku ananipa maneno ambayo kitabu kile hakina na wewe nitakwambia ukikua. Dola 60 bila maneno! Nikachagua barakoa ya mwani, ilikuwa 40. Binti aliyenipaka alikuwa na mkono mzuri. Nilijitahidi kuongea Kiswahili cha Dar, lakini nilipojisahau nikasema "n'shachoka", akatabasamu: "Da, wewe wa huku huku." Sikujibu. Uso ulishaanza kukaza.

Wakaniambia nikae na mwani ule usoni nusu saa, nikaja kukaa kwenye kiti cha ufukweni kando yenu. Nina joho jeupe la taulo, uso wa kijani, miguu juu. Ndipo wakapita wale wanawake wanatoka baharini, magunia ya mwani kichwani yanatiririsha maji mpaka miguuni. Na wewe ukapiga kelele: "Bibi! Bibi Paje!"

Nilimjua kabla hujamaliza kumwita. Kuna namna anavyotupa mguu wa kushoto tangu mgongo umuume. Umeandika: "Mama alijifunika taulo kichwani akajifanya amelala." Ndivyo. Sina cha kufuta. Nilikuwa na mwani usoni wa bei ambayo yeye hakuipata kwa gunia lile zima, nimemdanganya siku ya Idi, na sikuwa na namna ya kuinuka. Nilisikia askari wa hoteli anakwambia usivuke kamba, nikasikia miguu yako inakimbia, halafu ukarudi ukakaa kimya. Nikakuuliza, "Nani yule?" Ukasema, "Si Bibi. Nimekosea."

Miaka saba nimeishi na hilo jibu. Nilijiambia kwamba hakuniona, wewe ulikosea, na mimi macho yangu yalikuwa na dawa. Nimekwenda nyumbani mara ngapi, nimekula kwake, sikugusia. Naye hakugusia.

Leo nasoma kwa mwandiko wako: "Bibi alinipa kauri, akaweka kidole mdomoni, akasema usimwambie mama yako kama umeniona. Nikasema si Bibi. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa sababu nilikuwa nimetumwa."

Nilifunga friji, nikakaa chini, nikampigia simu hapohapo. Nilimwambia yote, Idi, hoteli, taulo, barakoa. Alinyamaza kidogo nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anacheka, na akicheka unamjua, anakohoa. Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nakuogopa wewe!" Alikuwa ameapa asiende baharini, pesa yetu ya kila mwezi anaipokea, na bado anakwenda, kwa sababu nyumbani peke yake anaumwa zaidi, na wenzake wote wako kule. Siku ile alijua kabisa kwamba tupo. Jana yake jioni baba yako, kwa kukosa televisheni, alitoroka akaenda kijijini kutazama Kombe la Dunia. Ilikuwa ile siku Ujerumani ilipofungwa na Korea Kusini 2-0, na alishangilia, anasema, mpaka mtaa mzima ukajua mkwe wao amekuja. Mama Mkubwa akakesha akiwaza atapitaje, maana shamba lake la mwani liko sawasawa na hoteli ile. Akapanga apite katikati ya wenzake warefu. "Sasa mjukuu ana macho ya mwewe," akasema.

Nikamuuliza kama aliniona. Akasema aliona mtu kajifunika taulo miguu iko nje, na miguu ile alishaiosha sana.

Baba yako nimemweleza. Anasema hashangilii kwa sauti.

Presha tuliporudi ilikuwa 138 kwa 88, kwa hiyo hoteli haikuniibia. Ilipanda tena Oktoba, lakini hiyo ni barua nyingine. Desemba ukifunga shule tunakwenda wote, na tunalala kwa Mama Mkubwa Paje. Nimeshamwambia kwamba sipiki, nakuja kulala. Amekubali, kwa sharti kwamba asubuhi nikamshikie kamba, kwa sababu wanachofanya siku hizi ni kusaga mwani wakatia kwenye sabuni, na mikono haitoshi. Ametutumia vipande sita. Viwili vyako, vingine usiniulize, mdogo wako ameshaonja kimoja.

Halafu kuna jambo la kauri. Nilipomsomea insha yako, alinikatiza pale. Anasema hakukupa. Anasema ulitia mkono mwenyewe kwenye kapu lake ukaichukua, na ndipo yeye akaweka kidole mdomoni, akusitiri. Niandikie ukweli ni upi, na kama bado unayo, kwa sababu anaitaka.

Mimi,
Mama yako