YAH: Bastola ya Smith & Wesson No. 1 iliyoharibiwa na fundi wenu

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti yenu ya kupokea mali za mnada mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye bisibisi.

Silinda ilipokwama, fundi wenu alichomeka bisibisi kati yake na fremu, akakandamiza. Bawaba ya juu ikapinda. Hili ni toleo la pili, la kati ya 1860 na 1868: mtutu wa pembe nane, fremu ya shaba ya njano iliyopakwa fedha. Shaba hiyo haifunguliwi kama kopo la maziwa!

Silinda ilikwama kwa sababu aliijaza na kuifyatulia risasi saba za kisasa za .22 Short, zenye baruti isiyo na moshi, ingawa lebo niliyoifunga mpinini ilisema ISIFYATULIWE. Silaha hii iliundiwa kichwa cha risasi cha gramu 1.9 na kama gramu 0.26 za baruti nyeusi. Shinikizo likizidi, kitako cha ganda huvimba na kubana fremu, silinda haizunguki tena. Kiwanda kilijua tatizo hili tangu 1857, ndiyo maana toleo la kwanza lina kibati kinachozunguka nyuma ya silinda.

Halafu katalogi yenu. Iliyachapisha majouli (kipimo cha nishati ya risasi) ya kwenye boksi la risasi, yaliyopimwa kwa mtutu wa bunduki ndefu. Mtutu huu una milimita 81 tu. Kichwa hicho kikitoka kwa mita 200 kwa sekunde kina jouli 38 hivi, wala si zile zaidi ya 90 mlizochapisha. Mnunuzi anayejua atawacheka; asiyejua atakwenda kujaribu.

Narudi kwenye bisibisi, maana msimamizi wenu ameniandikia kwamba ni "mkwaruzo mdogo". Lachi, yaani kitasa cha kuifungulia bastola, ilikuwa pale pale chini ya fremu, mbele. Fundi angeibonyeza, mtutu ungeinuka, silinda ingevutwa mbele na kutoka, kisha maganda yangesukumwa kwa pini iliyo chini ya mtutu. Ganda likigoma, ni mafuta mepesi na subira. Yeye alipachika chuma kwenye shaba na kukandamiza, mbele ya wateja, huku akisema "ya kizamani hizi ni ngumu tu". Sasa mtutu hauketi sawa, na pengo kati yake na silinda linaonekana kwa macho.

Nilipoandika mara ya kwanza niliomba gharama ya matengenezo. Sasa siombi hilo. Nataka thamani kamili mliyoikadiria wenyewe kabla ya fundi kuijaribu, bastola irudi kwangu bila kuguswa tena na yeyote, na katalogi isahihishwe kwa maandishi. Mna siku 14. Baada ya hapo atakayewaandikia ni wakili wangu, na picha za bawaba zitawafikia wakusanyaji wote wanaoleta mali kwenye mnada wenu.

Wenu,
Mteja mwenye bastola