Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Phoenix mliopata uraia wa Marekani

Wanangu, salamu.

Mmeapa, mmepiga picha na bendera, na sasa mnabishana kuhusu rais hadi usiku wa manane. Sawa. Lakini bili inayowatoa jasho kila Julai, ile ya kiyoyozi, haipangwi Washington. Kama umeme wenu ni wa kampuni ya APS, bei yake huidhinishwa na makamishna watano wa Arizona Corporation Commission, tume iliyomo katika katiba ya jimbo tangu 1912. Nao huchaguliwa kwa kura. (Wenye bili ya SRP, lile shirika lingine la umeme hapa Phoenix, tume hii haiwapangii bei. Kule hupiga kura wenye ardhi, na kwa viti vingi kura hupimwa kwa ukubwa wa eneo. Mpangaji wa nyumba hana lake.)

Mtazameni Sandra Kennedy. Alikaa bunge la jimbo miaka 12 kuanzia 1987, kwanza baraza la wawakilishi, kisha seneti. Mwaka 2008 akashinda kiti cha tume, 2012 akaangushwa, 2018 akarudi, 2022 akaangushwa tena. Wengine wataona mwanasiasa asiyechoka kuomba kura. Mimi naona mtu aliyekubali kuwa kiti si chake.

Septemba 2018, kule Sun City West, mwanamke wa miaka 72 alikatiwa umeme na APS akiwa amebakiza deni la dola 51, joto la siku hiyo likipita nyuzi 40 za Selsiasi. Alikutwa nyumbani kwake amefariki. Habari zilipotoka Juni 2019, tume, Kennedy akiwa miongoni mwa wale watano, ilizuia kampuni zilizo chini yake kukatia watu umeme majumbani wakati wa kiangazi kwa sababu ya deni. Deni linabaki palepale, mtalipa. Ila hatua hiyo ililenga deni lisimuue tena mama wa mtu kwa joto. Hapo ndipo ilipo nguvu ya ofisi ambayo wengi wenu mliiacha wazi kwenye karatasi ya kura.

Sasa wale wenye midomo mizuri, mnaotaka kugombea. Mbunge husimama na watu wake, akapiga kelele, na hakuna wa kumlaumu. Kamishna kwenye kesi ya bei, yaani kampuni inapoomba kubadilisha bei, huketi kama hakimu. Kampuni huja na mawakili na mahesabu ya kurasa mamia, naye asome yote, aulize, wala asiwe na mazungumzo nao ya pembeni kuhusu kesi inayoendelea. Hotuba ya kanisani haitamsaidia. Anzeni bunge la jimbo, mjifunze bajeti, na asiyependa tarakimu aishie hukohuko.

Wengine, kesi ya bei ikifunguliwa, fikeni ofisi za tume hapa Phoenix, 1200 West Washington Street. Mwananchi huruhusiwa kusema. Nendeni na bili zenu mkononi, na anayeogopa Kiingereza chake atume maoni kwa maandishi.

Mzee wenu